Kwa nini jino la mama hutibiwa mwisho? Maswali na majibu

Daktari, kwa nini kinamama wengi hukaa na jino bovu miezi na miezi?

Kwa sababu jino huuma kwa vipindi, na kila likinyamaza, hela yake hupata kazi nyingine. Nilimhudumia mama lishe mmoja ambaye lake lilianza kwa kushtuka akinywa maji ya baridi. Akaweka karafuu iliyotwangwa, likatulia. Baadaye likaanza kumwamsha usiku. Akanunua vidonge vya maumivu duka la dawa, likatulia tena. Ikaja ada ya mtoto, ikaja zamu ya kutoa mchezo, ikaja kodi ya kibanda. Alipofika kwangu shavu lilikuwa limeumuka na jicho limeanza kufumba, na mkononi bado kashika mfuko wa vitunguu vya kupikia mchana.

Mwanzoni jino lile lingezibwa likaisha. Siku ile hatukuwa na la kuzungumza ila kung'oa.

Sikumgombeza, na naomba wenzangu wa kada hii tuache kuwagombeza. Asipopika, hajauza, hana mwajiri wa kumlipa akiumwa. Kuja hospitali kunamla nauli, matibabu na mauzo ya siku nzima, na wateja wanahamia kibanda cha jirani. Kuna mwingine hela ipo, ila lazima kwanza baba wa nyumba akubali. Mwingine hana wa kumwachia mtoto mchanga. Mtoto akiumwa jino, mama huyohuyo hukopa na kumpeleka kesho yake asubuhi.

Uvimbe ukifika jichoni au shingoni, ukipata homa, au kumeza na kufungua mdomo kukawa shida, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura.

Shikamoo daktari. Bibi anasema kila mimba huondoka na jino. Ni kweli?

Marahaba. Bibi hakukosea alichokiona. Wapo kinamama wengi waliozaa watoto wanne, watano, wakabaki na mapengo. Ila mtoto tumboni hachukui madini kwenye meno ya mama yake. Homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe na kutoa damu upesi pale penye ukoga. Matapishi nayo yana tindikali inayolainisha jino: ukitapika, sukutua kwa maji, ukae kama nusu saa ndipo upige mswaki. Wanaotafuna udongo huyasaga meno kwa mchanga uliomo.

Halafu kuna lile la kuambiwa "subiri ujifungue." Anajifungua, ananyonyesha, anarudi kazini, anashika mimba nyingine. Tundu dogo la mimba ya kwanza linakuwa pengo kwenye ya tatu. Mimi naona kusubiri huko kunang'oa meno mengi kuliko mimba zenyewe.

Kwani mjamzito anaruhusiwa kutibiwa meno?

Anaruhusiwa. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio wenye nafuu zaidi, lakini maumivu na usaha hutibiwa mwezi wowote. Sindano ya ganzi tunayotumia kwa kawaida ni salama kwake. Mwambie mhudumu kwamba una mimba. Usijinunulie dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni, na antibiotiki ya tetrasaikilini hutia madoa meno ya mtoto.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8. Mara zote hizo anapimwa presha na uzito. Dakika moja ya kumwambia "mama, fungua mdomo nione" haihitaji mashine yoyote.

Sina bima, na hela ni ya kuunga. Nianzie wapi?

Anza na dawa ya meno yenye floraidi, soma boksi. Mwaka 2021 iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo usiihesabu kama kipodozi. Punje kama ya njegere inatosha. Usiku kabla ya kulala usikose. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mswaki wa mti nao husafisha vizuri ukiufikisha hadi magego.

Chai ya sukari ninyi wa vibandani mnainywa funda kwa funda toka alfajiri, na kila funda huamsha tindikali upya. Inywe ukaimalize, kisha maji matupu.

Jino likishtuka kwa baridi, nenda wakati huohuo ukaulize bei ya kuziba, hata kama huna hela siku hiyo, ili ujue unatafuta kiasi gani. Na kama uko kwenye kikoba, mfuko wa jamii mara nyingi hutoa kwa msiba na uzazi. Kikao kijacho, inua mkono uombe kuziba jino nako kuandikwe.