Vidoti vya ubavuni mwa shingo ya gitaa

Shika gitaa la umeme kama unavyolishika ukipiga, kisha inamisha macho. Mapambo ya usoni mwa shingo huyaoni vizuri. Yanamtazama aliyekaa mbele yako. Unachokiona ni ukingo wa juu, upande wa uzi mnene, na vidoti vyenye kipenyo cha milimita 2 hivi. Hivyo ndivyo unavyopigia. Kwa hiyo mteja akija kuulizia lulu za usoni, mimi humuuliza kwanza habari za ubavuni.

Mpangilio mnaujua, ukihesabu freti, yaani vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo: freti ya 3, 5, 7, 9, viwili kwenye ya 12, halafu 15, 17, 19, 21, na viwili tena kwenye ya 24 kama ipo. Kwenye ya 12 uzi umegawanyika nusu kwa nusu: kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 648, freti hiyo iko milimita 324 kutoka mwanzo wa uzi. Ya 7 inakaribia sana theluthi ya uzi, ya 5 inakaribia robo. Kasheshe iko kwenye ya 9. Mandolini na ukulele nyingi huweka alama kwenye ya 10, na aliyezoea huko akihamia gitaa hujikuta nusu toni pembeni bila kujua kwa nini.

Kuna jambo linalowachanganya hata wapigaji wa miaka mingi. Kidoti cha freti ya 12 hakiko kwenye freti ya 12. Kiko katikati ya nafasi iliyo kati ya ya 11 na ya 12, kwa sababu ndimo kidole kinamobonyeza. Kwenye gitaa hilo la milimita 648, kutoka kidoti hadi kwenye chuma chenyewe ni karibu sentimita 1. Ukitaka ile sauti ya kengele inayotoka uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa, gusa uzi juu ya chuma. Ukigusa juu ya kidoti utasikia uzi umekufa, uanze kulaumu nyuzi. Kwenye besi isiyo na freti mambo huwa magumu zaidi: watengenezaji wengine huweka kidoti pale freti ingekuwa, wengine katikati kama kawaida. Uliza kabla hujaanza kuzoea.

Kuvitia si kazi kubwa, ila haina msamaha. Napiga mstari wa penseli, natoboa alama kwa msharasi, ndipo naleta keekee. Siku moja niliuruka msharasi kwa haraka. Ncha ikateleza, tundu la ya 7 likasogea milimita 1 kuelekea kwenye nyuzi. Milimita 1 tu, lakini vidoti vimepanga mstari, na jicho linakamata kilichotoka foleni papo hapo. Nililiziba kwa kijiti cha mbao ileile na kurudia. Gundi ya supaglu nayo hunywewa na mbao nyeupe ikaacha doa kama la maji, basi naipaka laka nyepesi kwanza. Asetoni usiisogeze kabisa: vidoti vingi ni plastiki na vitayeyuka.

Rangi? Vyeupe kwenye mbao nyeusi, vyeusi kwenye nyeupe, basi. Anayepiga jukwaani gizani nampa vile vinavyonyonya mwanga na kung'aa. Avimulike kwa tochi ya simu kabla ya kupanda. Ukubwa mimi napenda milimita 2.5, hasa kwa macho yaliyoanza kuchoka.

Na wa mkono wa kushoto? Mpiga gitaa Jimi Hendrix aliipindua Stratocaster, gitaa la umeme, ya mkono wa kulia, vidoti vikabaki vinatazama sakafu, na hakuonekana kuvihitaji. Kijana aliyeniletea gitaa lake lililopinduliwa hivyohivyo alivihitaji sana. Nikamtobolea ukingo wa pili, akapanda kwa vidole hadi freti ya 15 mara tatu mfululizo bila kuinama.