Bendi ya ridhaa katika makazi ya wazee: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana iliyozaa nyingine zote ni kwamba mzee anayeishi katika makazi hachagui: mpelekee gitaa na ngoma, atafurahi tu, hata kama bendi yenyewe bado inatafutana. Kwa sababu hiyo vikundi vingi vya ridhaa huyafanya makazi hayo kuwa mahali pa kujifunzia. Lakini mtu mwenye miaka 80 hivi sasa alikuwa kijana wakati NUTA Jazz, bendi ya dansi ya Tanzania, inaundwa mwaka 1964, na wakati bendi za Morogoro Jazz na Atomic Jazz ya Tanga zikijaza kumbi. Muziki aliouchezea dansi ulipigwa na watu mbele ya macho yake, na besi ikichelewa anaijua. Katika ziara ya pili ya bendi yetu mzee mmoja aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu alimwita mpiga solo wetu baada ya wimbo wa tatu, akamnong'oneza: "Mjukuu wangu, uzi wako wa pili umelegea." Ulikuwa umelegea kweli, na sisi watano hakuna aliyekuwa amegundua.

Wapo wanaolielewa hilo, kisha wakaangukia kosa la upande wa pili, yaani kuamini kwamba zilipendwa zinamtosha kila mzee. Ni kweli kwamba muziki ambao mtu aliusikia kati ya miaka 10 na 30 hivi ndio unaomkaa zaidi, lakini inabidi kuuliza alikuwa wapi katika miaka hiyo. Katika mikoa ya Tanga na Morogoro wamo wazee waliofika wakiwa manamba wa mashamba ya mkonge, kutoka Kigoma, Songea, Burundi au Msumbiji, wakazeekea huko bila ndugu wa karibu. Mtu wa namna hiyo huenda hakuwahi kuingia ukumbi wa dansi hata siku moja. Wimbo wake ni wa ngoma ya kijijini kwao, au wa kwaya, au ni kaswida aliyoipokea chuoni. Siku hizi wiki moja kabla ya kupiga tunamtuma mwenzetu mmoja na daftari, akaulize mambo mawili tu: ulikulia wapi, na harusi za kwenu zilipigwa nini. Majibu hubadilisha karibu nusu ya orodha ya nyimbo.

Kosa lililotugharimu zaidi, hata hivyo, ni lile la sauti. Tulidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba kwa kuwa wazee hawasikii vizuri inafaa kufungulia amplifaya. Dakika kumi hazijapita, mabibi wawili wa mstari wa mbele walikuwa wameziba masikio kwa ncha za kanga. Usikivu unapopungua kwa uzee, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, hivyo herufi kama s, f na sh humezwa, na maneno ya wimbo hayaeleweki ingawa besi inasikika vizuri kabisa. Wakati huohuo sikio hilo hufika upesi kwenye maumivu: sauti iliyokuwa ndogo mno hugeuka kelele baada ya kuongezwa kidogo tu. Vifaa vya kusaidia kusikia navyo vimeundwa hasa kwa ajili ya mazungumzo, na muziki wa kishindo huvifanya vikwaruze. Dawa yake ni kuacha drums nyumbani na kubaki na tumba na manyanga, kusogea karibu na wasikilizaji, kuinua spika ifike usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, kupunguza mwendo kidogo, na mwimbaji kuwaelekea ili midomo yake ionekane. Wimbo wenyewe ushushwe pia, maana sauti za wanawake huwa nene zaidi uzeeni, na kiitikio kilichowekwa juu hakitapata wa kukipokea.

Halafu kuna yale maneno ya jukwaani, "wazee wetu, makofi!" Baadhi ya makazi ya serikali yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na hadi leo wamo wakazi ambao vidole vyao vimekunjamana au vimepotea. Kumwamuru mtu huyo apige makofi ni kumwaibisha mbele ya wenzake. Wanabendi wengine, kinyume chake, huogopa kumpa mkono. Ukoma unatibika, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya dawa mchanganyiko mwaka 1981, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Aliyekwisha kupona haambukizi. Katika makazi kama hayo ni bendi yenye mafua inayopaswa kuogopwa.

Mzee aliyeinamisha kichwa naye huhesabiwa kuwa amelala. Kwa mwenye demensia, ambayo ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na si uzee wenyewe, nyimbo za zamani mara nyingi hubaki hata pale majina ya watoto yanapopotea, kwa hiyo mtazame vidole na nyayo kabla ya kukata tamaa. Akiinuka na kuondoka aachwe aende, kwa kuwa hapo ni kwake na sisi ndio wageni. Saa nne asubuhi, baada ya chai, hufaa kuliko jioni, ambapo baadhi ya wagonjwa hao huzidi kuchanganyikiwa. Dakika arobaini zinatosha.

Kuhusu siku, karibu kila kikundi hutaka tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, au msimu wa sikukuu. Matokeo yake ni foleni ya wageni kwa siku moja, kisha miezi ya ukimya. Mfawidhi mmoja alituomba waziwazi tusije Oktoba, tuje Februari. Tangu hapo tunakwenda kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na wahudumu wanasema wapo wanaoanza kuulizia tangu Alhamisi.

Kupiga bila malipo hakuondoi haki ya mtunzi, na pa kuulizia ni kwenye taasisi za hakimiliki, COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar. Wala hakutupi haki ya kumpiga mzee picha na kumrusha mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu yeye pia, tena yumo asiyependa watu wa kwao wajue yuko wapi. Simu zetu hukaa ndani ya mfuko wa gitaa mpaka tumetoka getini.