Wasiwasi wa saa nane usiku na karatasi ya haja

"Msijisumbue kwa neno lo lote" ni mstari ambao, kwa maoni yangu, unawaumiza wenye wasiwasi kuliko unavyowaponya. Mtu anasomewa kama amri ya kuzima taa. Akishindwa kuizima, anajitwika mzigo wa pili: kumbe hata imani sina.

Hebu tazama Kigiriki cha Wafilipi. Kitenzi cha 4:6, hicho cha "msijisumbue", ni merimnao. Paulo ameshakitumia katika 2:20 akimsifu Timotheo, kwamba ataiangalia hali yao kweli kweli. Ni kitenzi kilekile, barua ileile. Kwa hiyo kujali hakukatazwi, kunaelekezwa pa kwenda: "haja zenu na zijulikane na Mungu." Haja, si hofu, na kazi yote iko hapo.

Hofu haina kiasi. "Watoto watasomaje?" ni swali lisilojibika. Chukua karatasi jioni, mapema, usiwe kitandani. Robo saa inatosha. Andika: ada ya muhula 180,000, ninazo 110,000, pungufu 70,000. Chini yake weka jambo moja la kesho: saa tatu asubuhi nimpigie mhasibu wa shule, niombe kulipa kwa awamu mbili. Sasa omba, ukiitaja hiyo elfu sabini, na huyo mhasibu pia. Halafu shukuru kwa zile 110,000. Wengi hungoja majibu ndipo washukuru, ilhali Paulo ameiweka shukrani ndani ya ombi lenyewe.

Kinachoharibu zaidi ni maombi yanayozunguka. Mtu anapiga magoti, anasimulia balaa lilelile nusu saa, anainuka moyo unadunda kuliko alipoanza. Huo ni wasiwasi uliofumba macho. Utautambua kwa "itakuwaje kama" inayojirudia. Ukiisikia, nyamaza, soma Zaburi ya 121 kwa sauti (mistari minane tu), kisha rudi kwenye karatasi.

Ukizinduka saa nane usiku, usianze hesabu upya. Jiambie "limeshaandikwa." Likiwa jipya, liandike kwa mstari mmoja, liache hadi asubuhi.

Mwili nao usisahaulike. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, alilala, akala, akalala tena, akala tena, swali la "Unafanya nini hapa?" lilikuja baadaye, mlimani Horebu. Kumpangia mfungo mtu ambaye hajalala wiki nzima ni kukosea dawa, hata anayepanga akiwa mchungaji.

Usingizi ukipotea kwa wiki kadhaa, pumzi ikibana au moyo ukienda mbio mara kwa mara, nenda hospitali. Likija wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Vidonge na maombi havigombani. Beba zile karatasi za jioni: daktari atauliza unalala saa ngapi, na tangu lini.