Upendeleo wa habari za kigeni hauhitaji uongo

Msomaji anayelalamika kwamba vyombo vya habari vina upendeleo mara nyingi hutafuta uongo, na kwa kuwa uongo wa wazi ni nadra, mhariri humjibu bila taabu kwamba kila kilichochapishwa kilithibitishwa kwanza. Kwa mtazamo wangu, kama mwandishi wa dawati la habari za kimataifa, wote wawili wanabishana pasipo na kiini cha tatizo. Taarifa inaweza kuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho na bado ikampotosha msomaji, kwa sababu ya kilichochaguliwa, kilichokatwa na mahali kilipowekwa.

Uchaguzi huo ulianza zamani. Mwaka 1870 mashirika ya Havas la Ufaransa, Reuters la Uingereza na Wolff la Ujerumani yalikubaliana kugawana dunia, kila moja likitengewa maeneo yake ya kukusanya na kuuza habari. Mapatano hayo yalikufa katika miaka ya 1930, lakini kwa kuwa kumweka mwandishi ng'ambo ni ghali, vyumba vingi vya habari bado huishi kwa taarifa za Reuters, AFP na Associated Press, kiasi kwamba mambo ya nchi jirani huwafikia kwa kupitia London, Paris au New York.

Januari 2015, katika juma lile lile ambalo watu 12 waliuawa kwenye shambulio la ofisi za jarida la Charlie Hebdo jijini Paris, Boko Haram waliushambulia mji wa Baga, kaskazini mashariki mwa Nigeria, na kuua watu wengi ambao idadi yao inabishaniwa hadi leo. Paris ilijaa waandishi na kamera. Baga haikufikika, na mawasiliano yalikuwa yamekatika. Sababu hiyo ni ya kweli, ingawa siikubali kuwa udhuru kamili, maana anayeamua waandishi wakae wapi huwa ameamua mapema ni msiba wa nani utakaoonekana.

Hata taarifa nzuri ikifika, kuna mkasi. Tumefundishwa kuanza na jambo kubwa kuliko yote na kushusha maelezo ya ziada chini, ili mhariri mwenye nafasi finyu akate kuanzia mwisho. Aya ya kwanza huwa na mlipuko na idadi ya waliokufa, ya pili kauli ya msemaji wa serikali, ya tatu kauli ya mwanadiplomasia. Mkazi wa eneo hilo husubiri aya ya tisa, pamoja na chimbuko la mgogoro wenyewe, na huko ndiko mkasi unakoanzia.

Mei 2004 gazeti la New York Times liliwaandikia wasomaji wake kukiri upungufu katika habari zake za kuelekea vita vya Iraki. Likaeleza kwamba madai ya kutisha yalipewa nafasi ya mbele, huku habari za baadaye zilizoyatilia shaka zikifichwa wakati mwingine kurasa za ndani. Kukiri huko nakuheshimu, kwa kuwa kuligusa nafasi na uzito wa habari. Kanuni za masahihisho ninazozijua mimi hushughulikia jina lililokosewa na tarakimu isiyo sahihi. Sijaona hata moja inayomlazimu mhariri kuiweka habari ya kukanusha kwenye ukurasa ule ule uliobeba dai la kwanza.