Je, wajua? Msumeno ulionasa kwenye mbao mara nyingi si butu

Shika msumeno wa mkono meno yakiwa juu, funga jicho moja, uchungulie kuanzia mpinini hadi nchani kama unavyokagua mbao iliyonyooka. Meno hayako kwenye mstari mmoja. Jino moja limeinamia kulia, linalofuata kushoto, la tatu kulia tena, na katikati yao kuna kijibonde kinachokwenda urefu wote wa msumeno. Hayakupinda kwa uzee wala kwa kugonga msumari. Yalipindwa kiwandani kwa makusudi, na wengi wenye msumeno nyumbani hawajawahi kuyatazama hivyo hadi siku unaponasa.

Na huku Nyanda za Juu Kusini unanasa sana. Mbao nyingi tunazopaulia nyumba na mabanda, kuanzia Iringa hadi Mbeya, ni paina iliyopandwa Mufindi, Njombe na kwingineko ukanda huu. Sao Hill peke yake ndilo shamba kubwa la miti ya kupandwa la serikali kuliko yote nchini. Mti wenyewe asili yake Mexico, unapenda baridi, unakua haraka, na mbao zake mara nyingi hufika kwa mteja zikiwa bado mbichi. Mtu ananunua mbili kwa nne, anaanza kukata, inchi mbili za kwanza zinakwenda vizuri, kisha msumeno unashikwa kama umetiwa gundi. Hukumu inatoka papo hapo: msumeno umeisha makali, tafuta tupa.

Hukumu hiyo haisimami ukiichunguza kidogo. Msumeno wa kawaida wa mkono hapa kwetu hukata ukisukumwa. Ukivutwa nyuma haukati kitu, unarudi tu kujiandaa kwa safari nyingine. Sasa jiulize: ukinasa, je, unarudi kwa urahisi? Haurudi. Unagoma mbele, unagoma nyuma, wakati mwingine hata kuuchomoa ni kazi ya watu wawili. Kama shida ingekuwa makali, safari ya kurudi isingekuwa na mgogoro wowote, kwa sababu makali hayahusiki nayo. Msumeno ulio butu kweli una tabia nyingine kabisa: unateleza juu ya mbao, unatoa vumbi dogo laini kama unga, unachosha mkono, lakini unakwenda na kurudi bila kushikwa. Butu hauingii. Ulionasa umeshaingia, ila hautoki.

Fikiria kisu kwenye boga kubwa bichi. Kinazama hadi nusu kisha kinagoma, na hapo unaweza kuwa umetoka kukinoa sasa hivi. Ncha ya makali iko chini huko, haina shida na mtu. Kinachokishika kisu ni nyama ya boga iliyosukumwa kando na sasa inarudi kubana mbavu za kisu. Ndiyo maana mpishi hakinoi upya, anakipindapinda kulia na kushoto ili kupanua njia. Msumeno una unafuu mmoja ambao kisu hakina: hausukumi tu nyama kando, unaichimba na kuitoa kama vumbi. Kwa hiyo unaweza kujichimbia njia pana kuliko mwili wake, mradi meno yawe mapana kuliko bapa, yaani bati lenyewe la msumeno. Na njia rahisi ya kuyapanua meno ya bati jembamba ni kuyapinda, moja huku, moja kule.

Hesabu yake ni ndogo ajabu. Bapa la msumeno wa mkono lina unene wa karibu milimita 1. Meno yakipindwa sehemu ya tano tu ya milimita kila upande, njia inakuwa na upana wa milimita 1.4, na bapa linapita katikati bila kugusa kuta. Yakiwa yamenyooka, njia ina upana uleule wa bapa, na hapo nyuzi za mbao zikirudi upana wa unywele tu, bapa zima limebanwa pande zote mbili. Msuguano unaleta joto, joto linatanua chuma, bapa linaanza kuyumba na kubana zaidi.

Ubichi wa mbao ndio unaochochea haya. Paina iliyotoka kukatwa inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na mbao yenyewe ikikauka, au zaidi. Nyuzi zenye maji ni laini: jino linapopita, nyingine hazikatiki safi, zinalala kando kisha zinainuka. Vumbi lake limelowa, linashikana na kujaza nafasi kati ya meno, na utomvu unalipaka bapa. Pliny, Mroma aliyefariki mwaka 79 Mlima Vesuvius ulipolipuka, aliliandika jambo hili: kwamba mti mbichi hujaza meno ya msumeno, na kwamba kwa sababu hiyo meno hupindwa kwa zamu ili vumbi litoke. Yeye aliweka uzito wote kwenye vumbi na hakugusia kuta zinazobana. Kwa mbao laini iliyolowa yote mawili yanafanya kazi pamoja, na ni vigumu kuyatenga. Lakini kuna watu wanaoliita jambo hili uvumbuzi wa kisasa, nao wamechelewa kama karne 19.

Sasa tuje kwenye tupa, maana hapa ndipo kosa linapojilipa lenyewe. Jino halipindwi kuanzia shinani, kwa sababu lingevunjika. Inapindwa nusu ya juu tu. Na tupa inakula wapi? Nusu ileile ya juu. Kila mara unaponoa unapunguza kidogo ile sehemu iliyopinda, hadi baada ya kunoa mara kadhaa jino lililobaki ni kali kama wembe na limenyooka kama rula. Msumeno wa aina hiyo ukijaribu ncha kwa kidole utasema hakuna mfano wake, na kwenye mbao mbichi utanasa kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mwenyewe anaunoa tena.

Dawa ni kuyapinda meno upya kabla ya kunoa. Kuna koleo maalumu ya kazi hiyo, ndogo, yenye kijipini kinachosukuma jino moja moja. Mafundi wa zamani walitumia kipande cha chuma chenye mkato. Unapita jino moja na kuruka moja upande huu, kisha unageuza msumeno na kumalizia yaliyobaki. Usawa wa pande mbili ni muhimu kuliko ukubwa wa pindo: upande mmoja ukizidi, msumeno utaacha mstari na kuelekea upande huo, hata mkono uwe na ustadi gani. Kipimo cha kale cha kukagua kazi hii ni sindano ya kushonea. Ilaze kwenye kile kijibonde katikati ya meno, inamisha msumeno, na kama meno yamepangwa vizuri sindano itateleza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kuanguka. Nakiri kipimo hiki kinanifurahisha kuliko inavyostahili.

Pindo likizidi nalo ni hasara, maana unachimba mbao nyingi zaidi bila faida na mkato unakuwa na mikwaruzo. Mninga mkavu unahitaji pindo dogo kuliko paina mbichi. Na kabla ya yote angalia rangi ya meno: yakiwa na weusi unaoelekea bluu, yamekomazwa kwa joto na tupa itateleza juu yake. Huo haunoleki, ukiisha, umeisha.

Pindo zuri halitibu kila mnaso. Mbao iliyolazwa juu ya stuli mbili na kukatwa katikati itakunja kiuno na kufumba njia kutoka juu. Acha kipande kinachokatwa kining'inie nje ya stuli. Paina iliyokua kwenye mteremko, na miteremko huku haitafutwi, hujenga mbao nzito upande wa chini ili kujisimamisha, na ikipasuliwa kwa urefu mvutano uliofungiwa ndani unaweza kupinda vipande na kubana bapa. Wapasuaji wa magogo kwa mkono hupachika kabari nyuma ya msumeno. Kipande cha mshumaa kikipakwa kwenye bapa nacho kinasaidia.

Msumeno wa umeme wa duara unafuata kanuni ileile, ila diski nyingi za kisasa zina ncha ngumu zilizochomelewa, pana kuliko bapa, badala ya meno yaliyopindwa. Tofauti ni adhabu. Diski ikibanwa upande wa nyuma, ambako meno yanashuka, mashine inaruka kumwelekea aliyeishika. Ndiyo maana kufunga diski yenye meno kwenye grinda ni hatari: grinda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, wakati msumeno wa duara wa mkono huzunguka karibu 5,000, na una kinga yake.

Hata msumeno wa kukatia chuma umepindwa, ingawa meno yake ni madogo mno kupindwa moja moja, hivyo ukingo mzima umekunjwa kama wimbi. Wimbi hilo huchakaa, na njia inazidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo wembe ukikatika bomba likiwa nusu, usiingize mpya kwenye mkato uleule. Ni mpana kuliko njia, utanasa na kukatika nao. Geuza bomba, uanze upande wa pili.