Matundu Matatu Hayasemi Kitu: Dhana Potofu Kuhusu Bunduki Nyepesi ya Kuwindia

Juzi kaja tena mteja na karatasi ya shabaha aliyoikunja mara nne kwenye pochi kama cheti cha ndoa. Akaikunjua juu ya meza yangu: matundu matatu, mawili yamegusana, la tatu limekaa kando kidogo. "Fundi, bunduki ya rafiki yangu inapiga hivi. Nataka ya namna hii, nyepesi, ila hela yangu si nyingi." Nikamwuliza karatasi nyingine ziko wapi. "Zipi?" Zile ambazo rafiki yako hakuziweka kwenye pochi.

Dhana: Risasi tatu zikikaa pamoja bunduki ina shabaha, zikitawanyika haifai

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na ndiyo inayowatoa watu hela bure. Risasi tatu ni chache mno. Kila bunduki hutawanya risasi zake kuzunguka sehemu moja, nyingi zikiwa karibu na katikati na chache zikiangukia pembeni. Ukipiga tatu tu, huenda zote zimetoka katikati, au mbili zimetoka pembe mbili zinazotazamana. Ni bahati, wala bunduki haihusiki.

Chukua bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu, kwa mita 100, yana wastani wa sentimita 3, ukipima kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Bunduki hiyohiyo, risasi hizohizo, mpigaji yuleyule, inaweza kukupa sentimita 1.5 leo na 4.5 kesho bila chochote kubadilika. Makundi yake ya risasi tano yatakuwa na wastani wa kama sentimita 3.8, na ya kumi kama 4.7. Kadiri unavyopiga nyingi ndivyo zile za pembeni zinavyopata nafasi ya kujitokeza. Kwa hiyo anayekuja na kundi la risasi kumi lenye sentimita 4.7 ana bunduki ileile aliyonayo mwenye kundi la risasi tatu lenye sentimita 3, ila huyu wa kwanza amesema kweli.

Hasara yake naiona hapa mezani. Mtu anapiga tatu, hazimpendezi, anazungusha vitufe vya darubini. Anapiga tatu nyingine, anazungusha tena. Boksi la risasi 20 linakwisha akikimbiza kivuli chake mwenyewe, na jioni anasema bunduki ina mkosi. Yupo mmoja aliyeuza bunduki mbili kwa sababu hiyo kabla hajaniletea ya tatu. Nikaipiga risasi kumi, zikaingia kwenye duara la sentimita 5. Bunduki nzima kabisa. Sina shaka hata zile mbili alizouza kwa hasara zilikuwa nzima.

Na hapa ndipo dhamana ya mtengenezaji ya "dakika moja" inapowachanganya watu. Dakika hapa ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii, na moja ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100. Sawa, lakini soma maandishi madogo: mara nyingi ni risasi tatu, kwa yadi 100, tena za aina aliyochagua mtengenezaji. Hajakudanganya, ila hajakuahidi kile unachodhani.

Ninachowaambia wote ni hiki: piga kumi kwenye karatasi moja. Si lazima kwa mfululizo. Piga tatu, acha bolti (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma) wazi, subiri mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kuutoa haraka, kisha endelea palepale. Ukiona uvivu, zigawe kwa siku mbili. Usiguse darubini mpaka matundu yote kumi yawe mbele yako.

Halafu ujiulize unahitaji nini hasa. Eneo la moyo na mapafu la mnyama wa wastani lina upana wa kama sentimita 20. Bunduki inayoweka kumi ndani ya sentimita 5 kwa mita 100 itaziweka ndani ya 10 hivi kwa mita 200. Nafasi inayobaki ni ya pumzi zako, upepo na goti linalotetemeka, na hivyo vitatu vinakula nafasi kubwa kuliko bunduki. Nusu dakika waachie wanaowinda karatasi.

Dhana: Mtutu mwembamba hauna shabaha

Hapa kuna ukweli nusu, ndiyo maana dhana haifi. Ukakamavu wa chuma hupanda kwa kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo, hivyo mtutu wa milimita 18 ni mkakamavu kama mara mbili ya wa milimita 15. Mtutu mnene pia huchelewa kupata joto. Lakini wewe unapiga risasi moja, pengine mbili, mtutu ukiwa baridi. Kipimo chako ni hicho: risasi ya kwanza ya asubuhi. Nenda uwanjani siku tano tofauti, kila siku risasi moja ya mtutu baridi kwenye karatasi ileile. Karatasi hiyo, ukinikunjulia, nitaiheshimu.

Mara nyingi mtutu mwembamba unabeba lawama za wengine. Mwaka jana niliwekewa mezani bunduki nyepesi "iliyokufa shabaha", eti mtutu umechoka. Nililegeza pete za darubini, nikaona kwenye bomba lake mstari mwembamba unaong'aa, kama milimita mbili mbele ya ukingo wa pete. Darubini ilikuwa inateleza kila teke. Skrubu moja ilizunguka kwa vidole. Nikafuta mafuta, nikakaza kwa spana ya kupimia nguvu kama kitabu kilivyoagiza, nikaweka alama ya rangi ya kucha kwenye kila skrubu ili siku nyingine macho yaone kama kuna iliyosogea. Mtutu sikuugusa. Ugonjwa ukapona.

Mshukiwa wa pili ni kitako cha plastiki laini. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mti wa mbele, yaani sehemu ya kitako iliyo chini ya mtutu, kiende mpaka karibu na chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Kisha weka mti wa mbele juu ya mfuko wa mchanga, ukandamize bunduki kidogo, ujaribu tena. Karatasi ikikwama, kitako kinapinda na kuusukuma mtutu, na kila siku utaegemea kwa namna yako na risasi zitaenda kwa namna yake. Kupanua nafasi hiyo ni kazi ya msasa na nusu saa. Usinunue mtutu mpya kwa sababu ya plastiki.

Dhana: Bei ndogo ni shabaha ndogo

Ilikuwa kweli zamani kuliko sasa. Mbunifu Nicholas Brewer alipobuni bunduki ya Savage 110, iliyotoka mwaka 1958, aliweka nati inayoufunga mtutu kwenye mtambo (mwili wa chuma unaobeba bolti), hivyo nafasi ya ganda ndani ya chemba ikawa inapimwa na kufungwa sawasawa bila fundi kukesha na tupa. Njia hiyohiyo ya nati imo kwenye Ruger American ya bei nafuu iliyotoka miaka ya 2010. Kinachopunguzwa kwenye bunduki za bei ndogo ni kile unachokiona na kukishika: kitako chepesi kinacholia kama debe ukikigonga, bolti inayokwaruza, magazini ya plastiki, rangi isiyong'aa. Shimo la mtutu na chemba, mahali penye shabaha, mara nyingi viko sawa. Ukiweza kuongeza kidogo, bunduki ya Tikka T3x hutoka kiwanda kimoja na zile za Sako za bei kubwa, kule Riihimäki, Ufini, na toleo lake la Lite lina uzito wa kilo 2.9 hivi bila darubini. Bolti yake inateleza yenyewe. Nakiri nina upendeleo.

Hela uliyookoa iende kwenye pete imara, darubini ya wastani na risasi za mazoezi. Anayemaliza bajeti yote kwenye bunduki kisha akafunga darubini ya ovyo, mimi simhurumii.

Dhana: Nyepesi zaidi ndiyo bora zaidi

Kwa risasi ileile, bunduki ya kilo 2.5 inapiga teke lenye nguvu ya asilimia 40 zaidi ya ile ya kilo 3.5. Bega linasahau, jicho halisahau: utaanza kufumba kabla ya mlio. Wanaonunua bunduki nyepesi kama manyoya kisha wakachagua kaliba ya teke kubwa, .300 Winchester Magnum, hunirudia kabla ya msimu kwisha. Chukua kaliba ya teke dogo zaidi, .308, 7mm-08 au 6.5 Creedmoor, na upime bunduki ikiwa kamili, yaani darubini, mkanda na risasi ndani ya magazini. Kilo 3.3 mpaka 3.6 inabebeka kutwa na bado inatulia mkononi. Wengine wanahangaika kupunguza gramu 200 kwenye kitako huku juu wamefunga darubini ya gramu 700.

Mtutu mfupi nao usikutishe. Kupunguza sentimita 10 kunakugharimu mwendo wa risasi, si shabaha. Mtutu mfupi wa unene uleule ni mkakamavu zaidi. Makelele ndiyo yanayoongezeka.

Triga nzito je? Hiyo ni kasoro ya kweli. Triga inayotaka nguvu ya kilo 3 kuivuta, kwenye bunduki ya kilo 3, inauvuta mtutu pembeni kabla risasi haijatoka. Dukani hakikisha chemba ni tupu, iangalie wewe mwenyewe kwa jicho na kidole, omba ruhusa, uivute mara kadhaa. Ikiwa inarekebishika bila kubadilisha vyuma, umepata. Usiisugue kwa tupa nyumbani.

Dhana: Bunduki nzuri inapiga risasi yoyote vizuri

Waulize Remington, watengenezaji bunduki wa Marekani. Kaliba yao ya .244 ya mwaka 1955 ilitolewa na mzunguko wa mtutu wa inchi 12, yaani mifereji ya ndani huizungusha risasi mara moja kila inchi 12, ambao haukutuliza vyema risasi ndefu na nzito za kuwindia, huku mshindani wake, .243 Winchester, akiwa na inchi 10. Wawindaji wakaikimbia, mpaka ikabadilishwa mzunguko na kupewa jina jipya, 6mm Remington. Kabla ya kununua risasi, jua mzunguko wa mtutu wako.

Hata mzunguko ukikubali, kila mtutu una risasi yake. Nunua boksi moja moja la aina tatu au nne, za uzito unaotaka kuwindia, zipige kumi kumi kwa utaratibu ule wa mtutu kupoa. Aina iliyokaa vizuri ikishajulikana, angalia namba ya toleo kwenye boksi na ununue nyingi za namba hiyohiyo kwa mpigo, kisha useti darubini kwa hizo.