Kifaru Kipi Ni Kiboko? Tunayoyasikia Kijiweni na Ukweli Wake

Kijiwe chetu cha kahawa kipo karibu na stesheni ya Tabora, na treni ya Kigoma ikichelewa mazungumzo huwa marefu. Siku hizi vijana wana picha za vita vya Ukraine kwenye simu zao, na ubishi wa vifaru vya vita huanza kabla kashata hazijaisha sahanini: Abrams ya Marekani, Leopard ya Ujerumani, T-90 ya Urusi, kipi kiboko? Mimi si mwanajeshi. Nimeendesha katapila miaka mingi kwenye barabara za Urambo na Kaliua, kwa hiyo chuma chenye minyororo nakijua kidogo, na mengi yanayosemwa pale yananiuma kwa sababu ukweli wake ni mtamu kuliko uongo.

"Deraya ikiwa nene, kifaru hakipenyeki." Deraya, yaani ganda la chuma la kujikinga, ni nene mbele, hasa usoni mwa kile kichwa kinachobeba mzinga. Ubavuni hupungua, nyuma kwenye injini hupungua zaidi, na juu na tumboni vilevile. Ukitaka unene wa mbele uzunguke pande zote, unapata mlima wa chuma usiotembea. Desemba 2016 Uturuki ilipoteza vifaru kadhaa vya Leopard 2A4 karibu na mji wa Al-Bab, Syria. Kifaru hicho kilisifiwa sana Ulaya, lakini kikipigwa kombora ubavuni sifa za usoni hazikisaidii. Juni 2023, huko Zaporizhzhia, vifaru vipya zaidi vya Leopard 2A6 vya Ukraine vilinaswa kwenye mabomu yaliyotegwa ardhini. Hata Challenger 2 ya Uingereza, iliyokuwa haijawahi kuharibiwa na adui tangu iingie kazini mwaka 1998, iliungua Ukraine Septemba 2023.

Swali la maana zaidi kwangu ni hili: kikishapenywa, waliomo ndani wanatoka? Hapo vifaru vinatofautiana sana, na ndipo tunapofika kwa T-72, kifaru cha Kisovieti.

"T-72 ni bati tupu, Iraq ilithibitisha." Tarehe 26 Februari 1991, katikati ya dhoruba ya mchanga jangwani, vifaru vya M1A1 Abrams vya Marekani vilikutana na T-72 za Iraq mahali ambapo Wamarekani huita 73 Easting. Wairaq walichakazwa. Vijana wakisimulia hilo husahau dhoruba. Abrams ilikuwa na darubini ya joto, inayomwona adui gizani na vumbini kwa joto la mwili na injini yake. T-72 za Iraq hazikuwa nayo. Risasi zao pia zilikuwa hafifu kuliko zile ambazo Wasovieti walijiwekea wenyewe. Mtu anayeona akipigana na asiyeona, unajifunza nini kuhusu ubora wa chuma?

Kasoro halisi ya T-72 iko kwingine. Ina askari watatu badala ya wanne, kwa sababu mashine ndiyo inayopakia mzinga wake wa milimita 125. Mashine hiyo hubeba makombora 22 kwenye duara sakafuni, chini ya miguu ya kamanda na mpiga mzinga. Kifaru kikipenywa na baruti ile ikashika moto, kichwa chote hurushwa hewani. Ndizo zile picha za vichwa vya vifaru vilivyolala barabarani Ukraine. Abrams huweka karibu makombora yake yote nyuma ya kichwa, yakitengwa na askari kwa mlango wa chuma, na paa la sehemu ile limetengenezwa lifumuke ili mlipuko uelekee juu. Nikiambiwa niseme kitu kimoja ambacho Wamagharibi waliwazidi Wasovieti, nasema hicho. Wala si kosa la mashine ya kupakia: Leclerc ya Ufaransa inayo, ina askari watatu, na imeiweka nyuma ya kichwa.

"Abrams hunywa mafuta ya ndege tu." Si kweli. Injini yake ni turbini, jamii moja na ya helikopta, na huunguza dizeli bila shida. Tatizo ni kiasi. Matangi yake huchukua karibu lita 1,900, na hata kikisimama injini ikiwaka kinaendelea kunywa kwa pupa. Leopard 2 yenye dizeli ya nguvu za farasi 1,500, sawa na Abrams, huchukua karibu lita 1,200 na hufika umbali unaokaribiana. Tangi moja lililojaa, kwenye barabara nzuri, lingekutoa hapa hadi Kigoma kwa shida. Halafu ufanyeje?

"Kikubwa hukanyaga kidogo." Hapa naomba nichukue nafasi, maana ndiyo kazi yangu. Ni kweli kwamba minyororo hutandaza uzito. Kifaru cha kisasa hukandamiza ardhi kwa kilo moja hivi kwa kila sentimita ya mraba, na lori la mizigo kwenye matairi yake hukandamiza mara kadhaa zaidi. Ndiyo maana kifaru hupita shambani ambako fuso inazama. Lakini daraja halihesabu sentimita za mraba, linahesabu tani. Kwenye mizani zetu lori pamoja na mzigo wake haliruhusiwi kuzidi tani 56. Abrams ya karibuni inakaribia tani 67 peke yake, kabla hujaipandisha kwenye trela.

Na kuna mbuga zetu. Masika moja, ng'ambo ya Kaliua, katapila langu la tani zinazokaribia 40 lilizama kwenye udongo mweusi hadi minyororo ikapotea. Tulilitoa siku ya pili, kwa katapila jingine na magogo tuliyokata na kulaza chini. Hakuna aliyekuwa akitupiga risasi. Tangu siku ile nikiona picha ya kifaru kimekwama topeni Ukraine, simcheki dereva wake.

Sisi wa Tabora tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Kifaru cha kwanza duniani kiliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916 huko Somme, Ufaransa, na waliokileta ni Waingereza, si Wajerumani kama wengi wanavyodhani. Siku nne baadaye, tarehe 19, Wabelgiji waliingia Tabora. Jeshi lile lilifika hapa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliojulikana kwa kazi hiyo pwani hadi bara. Bila mpagazi hapakuwa na risasi, chakula wala dawa. Mpagazi wa kifaru leo ni lori la mafuta, fundi na gari la kukivuta.

"Droni zimeua kifaru." Mwaka 1973 makombora ya kuongozwa kwa waya yaliteketeza vifaru vya Israeli jangwani Sinai, na dunia ikatangaza mazishi hayohayo. Sasa droni ndogo hupiga pale juu palipo pembamba, na hatari yake ni ya kweli kabisa. Lakini mwaka 2022, vita vikiendelea jirani, Poland iliagiza vifaru vya K2 kutoka Korea Kusini. Israeli nayo ina Trophy, mtambo unaoliona kombora likija na kulilipua kabla halijagusa. Uliokoa kifaru vitani kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Asiyekuwa nao anafunga vyandarua vya chuma juu.

Mzee mmoja pale kijiweni alikuwa Kagera. Jeshi letu lilikuwa na Type 59 za China, mwigo wa T-54 ya Kisovieti. Machi 1979, Lukaya, Uganda, Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin walikuwa na T-55 za ukoo uleule. Siku ya kwanza wenzetu walirudishwa nyuma. Kesho yake brigedi ya 208 ikazunguka ikawapiga kutokea upande wa Kampala. "Chuma kilikuwa kimoja, mwanangu," huniambia.

Wakinibana nichague, kiangazi nachukua Leopard 2, kwa kuwa nchi nyingi zinacho na vipuri na mafundi wake hawakosekani. Masika nachukua Type 10 ya Japani, tani 44, iliyopunguzwa uzito makusudi ivuke madaraja ya kwao. Kijana mmoja akanijibu kwamba Type 10 haijawahi kupigana hata siku moja. Ni kweli, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi na chaguo langu.